Bastola ya Mtumba na Ala Yake: Kisa cha Mama Mwenye Duka mjini Dallas

Kisa ninachokichambua hapa ni cha mama mmoja mzaliwa wa Tanga, mkaazi wa kudumu wa Marekani, anayeendesha duka la vyakula vya Kiafrika pembezoni mwa jiji la Dallas, jimbo la Texas. Duka hulifunga usiku yeye mwenyewe, huhesabu mauzo akiwa peke yake, kisha huvuka eneo la maegesho akiwa na fedha taslimu hadi kwenye gari lake. Duka la jirani lilipovamiwa, aliamua kutafuta bastola ndogo ya kubeba chini ya nguo, na kwa kuwa uwezo wake haukufika bei ya silaha mpya, akaamua kununua iliyotumika. Mimi hufundisha kozi ya leseni ya kubeba bastola katika jimbo hili, na mama huyu alinijia kabla hajatoa hata senti, jambo ambalo wanafunzi wangu wengi hawalifanyi. Jina lake silitaji, naye ameridhia kisa chake kiandikwe.

Swali lake lilikuwa fupi: anunue bastola ipi? Jibu langu lilikuwa kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa peke yake. Bastola inayokaa mwilini tangu asubuhi hadi usiku, karibu na nyonga ya mtu anayeinama, anayenyanyua magunia ya unga na kupakata watoto, haitenganishwi na ala inayoivaa. Ala, au holsta kama wengi wanavyoiita, ndiyo inayokifunika kifyatulio ili kitu chochote kisikiguse mpaka mwenyewe aamue. Anayenunua silaha kwanza kwa kuvutiwa na bei, kisha akatafuta ala yoyote itakayoingia, huwa ametumia fedha zake zote kwenye nusu ya kazi. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba kila bastola tutakayoiangalia itapimwa kwa mambo matatu kwa pamoja: historia yake na uhalali wa kuipata, uzima wake na namna inavyoukaa mkono wake, na kama kuna ala ya kweli iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Bastola ya kwanza ilitoka kwenye ukoo. Binamu wa mumewe, mkaazi wa Oklahoma City, alikuja Dallas kuhudhuria harusi akiwa na Glock 19 aliyokuwa ameichoka. Bei yake ilikuwa ya chini, na juu yake aliahidi nyongeza ya magazini mbili, yaani vibweta vya risasi vinavyoingia kwenye mpini, na ala ya kitambaa. Alitaka mambo yaishe usiku uleule nje ya ukumbi. Mama huyu alipouliza habari za makaratasi, aliambiwa, "Shemeji, sisi ni ndugu, makaratasi ya nini tena?"

Hapo ndipo kisa kilipokuwa na hatari kubwa kuliko zote zilizofuata, na hatari yenyewe haikuhusu risasi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimruhusu mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha kumuuzia wala kumpa bastola mtu mwingine anayekaa jimbo tofauti na lake. Undugu hauondoi katazo hilo, wala furaha ya harusi. Njia halali ni bastola hiyo ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho katika jimbo la mnunuzi, mnunuzi ajaze kwa mkono wake Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa silaha, na muuzaji apeleke maombi ya kukagua kama mnunuzi amekatazwa silaha, kupitia mfumo wa shirikisho uitwao NICS, ambao FBI inauendesha tangu Novemba 1998. Lau wote wawili wangekuwa wakaazi wa Texas, sheria isingewalazimisha kupitia kwa muuzaji, maadamu aliyeuza hana sababu ya kuamini kwamba mwenzake amekatazwa kumiliki silaha. Hata hivyo ningemshauri apite hukohuko. Rejista ya taifa ya silaha zilizoibwa imo mikononi mwa polisi, mnunuzi wa kawaida hana mlango wa kuifungua, na namba iliyochongwa kwenye bastola itamfuata yeye pale polisi watakapoiangalia siku moja kando ya barabara. Ada ya muuzaji kwa kazi hii kwa kawaida ni makumi machache ya dola.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya hali ya wengi wetu. Raia mzaliwa wa Texas anayevunja sheria ya silaha huhatarisha faini na kifungo. Mkaazi wa kudumu huhatarisha hayo pamoja na makazi yake, kwa kuwa sheria ya uhamiaji inaitaja hatia ya silaha kuwa sababu inayojitegemea ya kumwondoa mgeni nchini. Mama huyu alikuwa na watoto wawili wanaosoma, duka lenye mkataba wa pango, na ombi la uraia alilokuwa akilitayarisha. Kuviweka vyote hivyo rehani kwa ajili ya punguzo la bei kusingekuwa na hesabu yoyote. Alimjibu binamu yule kwa heshima kamili: "Shemeji, nakushukuru, lakini ninayeulizwa kesho ni mimi."

Kuna ombi jingine lililokuja wiki hiyohiyo, nalo ni la kawaida sana katika jamii zetu. Kijana wa ukoo aliyeko masomoni kwa viza ya mwanafunzi alimwomba, kwa kuwa yeye anakwenda dukani, amnunulie na yeye bastola kisha amrudishie fedha. Mwenye viza ya muda kwa jumla hakubaliwi kumiliki silaha wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na anayemnunulia mwingine huku akiandika kwenye Fomu 4473 kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi anatenda kosa la shirikisho, ambalo tangu sheria ya Juni 2022 lina kifungu chake maalumu chenye adhabu inayoweza kufika miaka 15 gerezani. Kijana hakuwa na nia mbaya, hakujua tu. Alielezwa, akaelewa, na ombi likaishia hapo.

Binamu hakuudhika. Alikubali bastola yake ipelekwe kwa muuzaji mwenye leseni hapa Dallas, ikakaguliwe kwanza, na kama itapendeza, ndipo uhamisho ufanyike. Kwa hiyo tuliiona Glock ile juu ya meza ya duka, magazini ikiwa nje, slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, imefungwa nyuma, na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, imeangaliwa kwa macho kisha ikapapaswa kwa kidole.

Glock 19 ni bastola iliyotoka mwaka 1988, ya milimita 9, yenye mtutu wa milimita 102 na magazini ya risasi 15, na ikiwa imejaa hukaribia gramu 850. Ni kipimo cha kati: ndogo ya kutosha kufichika, kubwa ya kutosha kushikika. Kwa mnunuzi wa mtumba ina sifa kubwa, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana kila mahali, na karibu kila fundi wa ala duniani ana umbo lake. Ukaguzi wetu ulianza na mtutu, uliotolewa na kuelekezwa kwenye mwanga: mifereji ya ndani ilikuwa hai, hapakuwa na kivuli cha duara ndani yake, alama ambayo huonyesha mtutu uliowahi kuvimba kwa risasi iliyokwama, na mdomo wake haukuwa na pengo. Slaidi ilikuwa na mikwaruzo ya ala, ambayo ni ya kawaida na haipunguzi chochote. Fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, haikuwa na ufa kuzunguka pini.

Tatizo lilikuwa kwenye kifyatulio. Bastola ya aina hii haina kizuizi cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake wa nje ni ulimi mwembamba ulio katikati ya kifyatulio, pamoja na uzito wa kukivuta, ambao kiwandani hukaribia kilo mbili na nusu. Ya binamu ilivutika kwa uzito wa chini zaidi, dhahiri hata bila mizani, na mara mbili tulipovuta slaidi nyuma kuijaribu ikiwa tupu, kifyatulio hakikurudi mbele mpaka mwisho. Tulimpigia simu, naye akaeleza bila kuficha kwamba alikuwa amebadilisha springi na kipande kimoja cha ndani alivyovinunua mtandaoni, ili alenge vizuri zaidi kwenye uwanja wa shabaha. Bastola ya kulengea makaratasi inaweza kuvumilia mabadiliko kama hayo mikononi mwa anayeyajua. Bastola ya kubeba mwilini haivumilii. Fundi angeweza kuirudisha katika hali ya kiwandani kwa gharama ndogo, na hilo lisingekuwa sababu ya kuikataa moja kwa moja.

Kilichoikataza ni mkono wa mama mwenyewe. Kuivuta slaidi ya Glock kulimshinda mara ya kwanza na ya pili. Nilimwonyesha namna inayowafaa wengi: bastola isogezwe karibu na kifua ikielekezwa upande salama, kiganja kizima cha mkono wa kushoto kiishike slaidi kwa juu, na mkono wa kulia uusukume mpini mbele kwa nguvu badala ya kuvuta slaidi kwa vidole viwili. Kwa namna hiyo aliweza. Lakini nilimwomba arudie tena na tena, mpaka mikono ichoke, kwa sababu atakayeishika silaha hii saa tano ya usiku ni mtu aliyesimama kutwa nzima na kufunga masanduku. Alipochoka, slaidi ilianza kumkatalia, na mara moja mdomo wa bastola uligeukia mkono wake mwenyewe alipokuwa akipambana nayo. Kwangu hilo lilitosha.

Muuzaji alikuwa na bastola nyingine ya mtumba kwenye kabati, Smith & Wesson M&P 9 Shield EZ. Aina hii ilitolewa mwaka 2020 kwa ajili ya watu ambao slaidi nzito huwashinda: ina nyundo ya ndani na springi laini, magazini ya risasi nane inayojazwa kwa urahisi, mtutu wa takriban milimita 93, na kizuizi nyuma ya mpini kinachohitaji kubonyezwa na kiganja ndipo kifyatulio kifanye kazi. Kuifungua kwa ajili ya kusafisha hakuhitaji kuvuta kifyatulio, tofauti na Glock, ambayo humlazimu mtu kukivuta kabla slaidi haijatoka, na ambayo kwa sababu hiyo haimsamehe aliyesahau kuangalia chemba. Mama aliivuta slaidi yake kwa wepesi, tena akiwa amechoka.

Kabla ya kufurahi, tuliandika namba ya silaha. Novemba 2020 kampuni ilitangaza kwamba baadhi ya bastola za aina hii zilizotengenezwa kati ya tarehe 1 Machi na 31 Oktoba mwaka huo zilikuwa na nyundo zinazoweza kupasuka, na kwamba zirudishwe zibadilishiwe bure. Mnunuzi wa bastola mpya hupata taarifa kama hizi kwa njia ya usajili wa dhamana, lakini mnunuzi wa mtumba hapelekewi barua na mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayejua kwamba silaha sasa ni yake. Ni wajibu wake kuitafuta mwenyewe kwa namba, na jambo hili haliihusu kampuni moja tu: Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer nayo ilitangaza mpango wa kuziboresha bastola zake za P320 baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani ziliweza kufyatuka. Namba ya bastola iliyokuwa mbele yetu haikuwa miongoni mwa zilizotakiwa kurudishwa. Tulikagua mengine yote kama tulivyoikagua ya kwanza, tukakuta springi ya mojawapo ya magazini imelegea, na muuzaji akaibadilisha bila kubishana.

Nilimwambia mama asilipe bado. Ilibaki ala.

Hapa ndipo jina la bastola linapowapotosha wengi. Kampuni hiyohiyo ina bastola iitwayo Shield tu, ya mwaka 2012, nyembamba kuliko EZ, na madukani ala zake zimejaa. Bastola ya EZ haiingii humo, au huingia kwa kulazimishwa na kukaa nusu. Vilevile ala ya bastola isiyo na taa haiipokei bastola iliyofungwa taa au leza chini ya mtutu. Kwa Glock 19 tungekuwa na uchaguzi wa mamia, na kwa EZ ulikuwa mdogo zaidi, na nakiri kwamba huo ni upungufu wa kweli wa silaha niliyoiunga mkono. Lakini uchaguzi mdogo si sawa na kutokuwapo. Watengenezaji kadhaa wa ala za Kydex, ile plastiki ngumu inayopashwa moto na kufinyangwa juu ya umbo la bastola yenyewe, wanaitengenezea.

Ala ya kitambaa ya binamu niliitumia kumwonyesha kasoro. Tuliiweka ndani yake bastola ya mazoezi ya plastiki, isiyoweza kubeba risasi, nikamwomba atafute kifyatulio kwa kidole gumba kupitia nje ya kitambaa. Alikipata mara moja, akakibonyeza. Ufunguo mfukoni, ncha ya mkanda wa usalama wa gari, au kona ya kreti ya soda aliyoikumbatia vingeweza kufanya vilevile. Kisha nikamwomba aitoe bastola na kuirudisha kwa mkono mmoja. Mdomo wa ala ulikuwa umejifunga, ikambidi aufungue kwa mkono wa kushoto, na kwa kufanya hivyo vidole vyake vilipita mbele ya mtutu. Ngozi nzuri iliyokaushwa ngumu haina kasoro hizo ikiwa mpya, lakini ngozi iliyozeeka na kulainika hujikunja kwenye mdomo, na mkunjo huo ukiingia ndani ya kilinzi cha kifyatulio wakati bastola inarudishwa, hufanya kazi ya kidole. Kwenye joto la Texas ngozi pia hunywa jasho na kulishikisha kwenye chuma.

Ala tuliyoikubali ilipimwa hivi. Bastola ikiwa tupu, na chemba imeangaliwa na watu wawili, iliingizwa mpaka ikasikika imekaa. Eneo lote la kifyatulio lilifunikwa pande zote mbili kwa plastiki isiyobonyea. Iligeuzwa kichwa chini juu ya godoro na kutikiswa, haikudondoka. Ilipovutwa, bastola ilitoka na ala ikabaki kwenye mkanda, jambo ambalo si la kudharau, kwa maana vibanio hafifu huachia mkanda na mtu hujikuta ameshika bastola iliyovaa ala yake mbele ya mshambuliaji. Mdomo ulibaki wazi. Skrubu za kubana na kulegeza zilikuwapo, na pembe ya kuinamia iliweza kubadilishwa.

Mahali pa kuivaa palichukua muda mrefu kuliko kuchagua silaha. Wanaume wengi ninaowafundisha hupenda mbele, kati ya kitovu na nyonga, kwa kuwa hapo bastola hufichika na hutoka upesi. Lakini hapo mtutu huelekea paja na mshipa mkubwa wa damu, na mtu anayeinama mara nyingi kuokota mizigo hupata shida. Tulijaribu nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Kwa maumbile ya wanawake wengi kuna kikwazo hapo: kiuno kiko juu na nyonga zimepanuka, hivyo sehemu ya chini ya ala husukumwa nje na mpini huinuka na kuchoma mbavu. Suluhisho halikuwa kumwambia avumilie. Tulibadilisha pembe ili mpini uinamie mbele, tukaweka kipande cha sponji ngumu kati ya mwili na sehemu ya juu ya ala ili mpini usogee mbali na mbavu, na tukachagua kibanio kinachoishusha kidogo. Baada ya hapo aliweza kuketi kwenye gari bila kuiona kama adui.

Mavazi yake yalileta swali ambalo vitabu vya mafunzo vya huku haviligusi. Dukani huvaa dera siku nyingi, mara gauni la kitenge, na mtandio mabegani. Dera halina mkanda. Tulijaribu ukanda mpana wa mpira unaofungwa tumboni chini ya nguo, na wengi wa aina hiyo una mfuko wa kitambaa tu, sawa na ule wa binamu. Tuliupata ambao ala ya Kydex hufungwa juu yake, ikakaa imara. Hata hivyo dera linapaswa kupandishwa lote ili bastola ifikiwe, na kwa mtu aliyebeba mfuko wa fedha hilo haliwezekani upesi. Uamuzi wake ulikuwa kubadilisha mavazi ya kazi: suruali yenye mkanda mgumu uliotengenezwa kubeba uzito, na juu yake shati refu la kitenge linalofika nusu ya paja, ambalo huifunika bastola vizuri kwa sababu maua yake huvunja umbo. Mkanda na ala kwa pamoja vilimgharimu zaidi ya dola 100, na nilimwomba asiione gharama hiyo kuwa ya pembeni.

Mtandio nao ni hatari inayostahili kutajwa kwa jina. Pindo lake lenye nyuzi, kama kamba za koti zenye kifundo, linaweza kuingia ndani ya ala pamoja na bastola inaporudishwa, likajizungushia kwenye kifyatulio, na bastola ikafyatuka mtu akiisukuma chini. Ndiyo maana namfundisha kila mwanafunzi kwamba kutoa bastola kunaweza kuwa na haraka, lakini kuirudisha hakuna haraka kabisa: nguo iondolewe kwa mkono wa kushoto, macho yaangalie ndani ya ala, kidole kiwe kimenyooka pembeni ya fremu, na bastola iingizwe polepole. Kwa EZ kuna faida ya ziada, kwani mtu akiegemeza kidole gumba nyuma ya slaidi na kulegeza kiganja, kile kizuizi cha mpini hujifunga na kifyatulio hakifanyi kazi. Na kwa kawaida ya kila siku, ala yote hutolewa mwilini bastola ikiwa ndani, bila kuichomoa, ili kifyatulio kisibaki wazi hata kidogo.

Mama aliniuliza kwa nini asiiweke kwenye mkoba, kama rafiki yake anavyofanya. Desemba 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka miwili aliyeketi kwenye kitoroli aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake, mkoba uliotengenezwa mahususi kwa kubebea bastola, akaifyatua na kumuua mama yake papo hapo. Mkoba huwekwa chini, husahauliwa, hupekuliwa na watoto wanaotafuta peremende, na ndicho kitu cha kwanza anachokinyakua kibaka. Hakuuliza tena.

Baada ya ala kuthibitishwa, alijaza Fomu 4473. Mambo mawili madogo huwakwamisha wengi wetu hapo: anwani kwenye leseni ya udereva lazima iwe ya nyumba anayoishi sasa, na mkaazi wa kudumu huandika namba yake ya uhamiaji. Jibu la NICS kwake lilikuwa la kusubiri, jambo lisilo la ajabu kwa watu wenye majina yanayofanana na ya maelfu ya wengine. Siku mbili baadaye lilikuja la kuruhusu. Anayecheleweshwa kila mara kwa sababu ya jina anaweza kuomba FBI namba maalumu ya utambulisho itakayotumika katika manunuzi yajayo.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas haimlazimishi mtu mzima wa miaka 21 anayestahili kisheria kuwa na leseni ili kubeba bastola. Pamoja na hayo nilimshauri aichukue, na sababu yangu kuu ilikuwa shule ya watoto wake. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na silaha ndani ya futi 1,000 za uwanja wa shule, na kighairi kinachomhusu dereva wa kila siku ni cha mtu aliyepewa leseni na jimbo lenyewe. Ruhusa ya jumla ya kubeba bila leseni haitoshi. Mama anayewapeleka watoto kila asubuhi, bastola ikiwa kiunoni, angekuwa akilivunja katazo hilo kila siku bila kujua. Ada ya leseni ni dola 40, darasa ni la saa nne hadi sita, na jaribio ni risasi 50 kutoka yadi 3, 7 na 15. Alifaulu akitumia EZ yake. Alijifunza pia kutofautisha matangazo ya milangoni: la kifungu cha 30.05 cha sheria ya jinai ya Texas linamzuia asiye na leseni, la 30.06 linamzuia mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa. Hata nyumba ya ibada inaweza kuliweka. Na polisi akimwomba kitambulisho akiwa amebeba, huonyesha leseni zote mbili, ya udereva na ya bastola.

Kabla ya kuibeba alifyatua zaidi ya risasi 150 za mazoezi, kisha magazini mbili za zile risasi za kichwa chenye tundu atakazozibeba, kwa kuwa bastola nyingine humeza risasi za kichwa cha mviringo na kuzikataa hizo. Hakuna iliyokwama. Mazoezi ya kutoa na kurudisha aliyafanya nyumbani kwa bastola ya plastiki, katika mavazi yaleyale ya dukani, mtandio ukiwa begani.

Nyumbani bastola huingia pamoja na ala yake kwenye kisanduku cha chuma chenye tarakimu, kilichofungwa kwa skrubu kwenye sakafu ya kabati. Sheria ya Texas inamtia hatiani anayeiacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na kosa huwa kubwa zaidi mtoto akiifyatua na kuua au kujeruhi vibaya. Wakati wa kwenda benki, ambako bastola haingii, kisanduku kidogo cha pili kimefungwa kwa waya chini ya kiti cha gari. Ala hutolewa pamoja na bastola, ikawekwa humo, akiwa bado ndani ya gari na kabla hajafika kwenye maegesho ambako watu wanamwona.

Miezi michache baadaye alirudi kwangu kwa ukaguzi. Skrubu mbili za kibanio zilikuwa zimelegea kwa mwendo wa kila siku, na tulizikaza kwa gundi ya nyuzi za skrubu, ile ya rangi ya bluu inayoweza kufunguliwa tena. Bastola ilikuwa na vumbi la unga ndani ya mpini, akafundishwa kuisafisha kila wiki. Binamu wa Oklahoma City naye aliipeleka Glock yake kwa fundi, ikarudishiwa springi za kiwandani.